Mbwa Anayekula Makochi

Kila Jumamosi asubuhi Maren Aasgaard alikwenda kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe, pale Duluth, mji wa Marekani kando ya ziwa kubwa, akamwazima mbwa aitwaye Otto kwa siku nzima. Kituo kilikuwa na utaratibu huo: mwenye gari anamchukua mbwa, anazunguka naye atakako na jioni anamrudisha, mradi mbwa avae kizibao cha njano kilichoandikwa NICHUKUE NYUMBANI. Nia ilikuwa mbwa aonekane, apendwe, apate kwake.

Maren alimpenda. Tatizo ni kwamba hakutaka mtu mwingine ampende.

Kumchukua yeye mwenyewe hakuweza. Mama mwenye nyumba aliyopanga alikuwa hataki hata samaki wa kwenye bakuli. Na Maren, ambaye kazini alipima maji ya ziwa na kuyafurahia kwa sababu hayakumuuliza habari zake, hakuwa mtu wa kubishana na mama mwenye nyumba. Basi akatafuta njia ya kichinichini. Wakishapita kona ya kwanza alisimamisha gari, akakigeuza kizibao, maandishi yakawa ndani. Kisha wakashika barabara ya kando ya ziwa kuelekea kaskazini, dirisha wazi, kichwa cha Otto nje, mashavu yakipepea kama nguo kambani.

Lakini mbwa mwenye rangi ya mkate uliotoka jikoni sasa hivi, sikio moja limesimama na jingine limelala, hafichiki. Kila waliposimama watu walisogea. Hapo ndipo Maren, ambaye sauti ilimkauka hata akiagiza kahawa, alipogundua kuwa ana kipaji.

"Mzuri huyu," mama mmoja alimwambia penye mnara wa taa. "Ana mwenyewe?"

"Anakula makochi," Maren akajibu kwa upole.

Mama akarudi nyuma hatua moja.

Wiki iliyofuata Otto alikuwa anawachukia wenye ndevu. Iliyofuata tena, anaulilia mwezi hadi majirani waite polisi. Otto alikaa kimya akisingiziwa, ulimi nje, kama mtu anayesikiliza sifa zake.

"Sielewi," alisema Brenda, msimamizi wa kituo, jioni moja akipokea kamba. "Mbwa mpole namna hii, na hakuna anayemtaka. Jana mtu kapiga simu kuuliza kama ni kweli alimeza zulia."

Maren aliinama kufunga kamba za kiatu, akazifunga kwa muda mrefu sana.

Ndipo akatokea Mzee Koski.

Ilikuwa kwenye duka la pai la Darlene, huko Two Harbors, mji mdogo kwenye barabara ileile ya ziwa, ambako mbwa huruhusiwa kwenye mabenchi ya nje. Koski, aliyeendesha treni za mawe ya chuma mpaka alipostaafu, alikuwa akibandika upya tangazo mlangoni: chumba juu ya gereji, anatafutwa mpangaji mtulivu.

"Hilo tangazo litaota mizizi," Darlene alimwambia. "Nani akae na mtu anayenuna hata usingizini?"

"Sinuni. Uso ndivyo ulivyo."

Akaketi karibu na Maren. Otto akaweka kidevu juu ya kiatu cha mzee bila kuomba ruhusa.

"Wa kituoni huyu?" Koski akauliza. "Naona pindo la njano."

"Anakula makochi."

"Langu baya."

"Anatapika garini."

"Nina pikapu. Atakaa nyuma, atatapikia barabara."

"Anajamba," Maren akasema, masikio yakiwaka moto.

"Tutakuwa wawili."

Jumatatu Brenda alipiga simu, sauti imejaa furaha. Otto amepata mtu, mzee mmoja wa Two Harbors. Na kwa kuwa Maren hupenda njia ile, je, Jumamosi angempeleka mwenyewe?

Alimpeleka. Safari hiyo hakukigeuza kizibao. Otto alikaa kwenye kiti cha mbele kama kawaida, akainusa baridi ya vuli, na kila Maren alipomtazama ilibidi apanguse macho ili aione barabara. Walipofika dukani kwa Darlene, ambako Koski alikuwa akiwangoja, alikuwa amekata shauri: atasema kweli. Hakutaka mzee wa watu amchukue mbwa huku akimdhania mhalifu, aje amfungie nje. Akaacha dirisha wazi kidogo, akamwambia Otto asubiri, akaingia dukani. Hakuwahi kumwacha peke yake garini hata siku moja.

"Nilimsingizia," alimwambia Koski, macho mezani. "Yote. Nilitaka asichukuliwe na mtu. Mimi ndiye namtaka, ila mama mwenye nyumba wangu hakubali."

"Hali makochi?"

"Hali."

"Hata mto?"

"Hata soksi."

"Na mwezi?"

"Ukitoka, analala tu."

Uso wa Koski, ambao ulidhaniwa hauwezi kushuka zaidi, ukashuka. "Kwa hiyo ni mbwa wa kukaa tu."

"Ni mbwa mwema, mzee."

"Kwangu kukaa tu kumejaa tele, binti. Tangu mke wangu Irja aondoke duniani, inayoongea ni saa ya ukutani. Nilitaka kitu cha kunikorofisha." Akasukuma pai yake kando. "Labda mrudishe tu."

Moyo wa Maren uliruka, kisha ukaona aibu kwa kuruka. Hapo Darlene akaita kutoka dirishani.

"Samahani, siingilii. Lile gari la kijani la nani? Maana naona ndani kunaanguka theluji."

Walitoka mbio. Kiti cha mbele kilikuwa kimebaki mifupa. Sponji ilitanda hadi kwenye usukani, na katikati yake alikaa Otto, kipande kimoja puani, uso wa mtu aliyesubiri kama alivyoambiwa.

Koski akainama dirishani, akachungulia. Kitu kikaanza kumtikisa mabega, na Darlene baadaye aliapa kuwa hajawahi kuyaona meno yake ya chini.

"Ulisema ni uongo."

"Nilisema makochi," Maren akanong'ona. "Hiki ni kiti."

"Namtaka huyuhuyu. Lete kamba."

Mkono wa Maren, ulioshika kamba, ulikataa kufunguka. "Hapana," mtu fulani akasema, naye akashtuka kugundua ni yeye. "Ni wangu. Nitahama."

"Uhamie wapi?"

"Sijui bado."

Koski akageuka kulitazama tangazo lake mlangoni. "Mimi niliandika mpangaji mtulivu."

"Mimi ni mtulivu."

"Nimeuona utulivu wako. Umemchafulia mbwa jina mwambao mzima." Akakuna kidevu. "Ukiwa kazini, anakaa kwangu chini. Jumamosi mkizurura, nami nimo."

"Utakaa nyuma," Darlene akasema. "Mbele hakuna kitu."

Mchana ule walirudi Duluth kumweleza Brenda: Otto mbele juu ya vyuma na blanketi, Koski nyuma, magoti yakigusa kidevu. Kwenye kituo cha mafuta mwanamke mmoja alikisoma kizibao, akaja akitabasamu.

"Jamani, huyu mzuri. Anatafutiwa nyumba?"

Maren alifungua kinywa, lakini dirisha la nyuma lilishashuka.

"Anakula viti, mama," alisema Koski kwa huzuni kubwa. "Na makochi. Na juzi, zulia."