Sentimita Sita za Maji

Asubuhi hiyo fundi bomba aliingia wodi ya watoto na kumkuta binti yake wa miezi mitatu ana vimpira puani, na ncha ya mpira mwingine imezamishwa kwenye chupa ya maji inayotoa viputo. Kwenye kitanda cha jirani, mtoto wa mzee mmoja wa tai na viatu vya kung'aa alikuwa kwenye mashine yenye kioo na tarakimu za kijani. Ugonjwa ni ule ule: vijia vidogo vya hewa vimevimba, vimejaa makamasi. Damu ilimchemka.

“Wa tajiri mashine, wangu chupa!” alifoka. “Mnyonge hana haki, siyo?”

“Baba, punguza sauti,” muuguzi alisema. “Ile inasukuma hewa nyingi yenye joto. Hii inashikilia presha. Mpira umezama sentimita sita majini, basi vijia vyake vya hewa haviwezi kujifunga. Zote zinasaidia, ila wako alikuwa hoi zaidi, tukampa hii.”

Na mtu huyu, jamani, kila siku huwapigia wateja wake kelele kwamba maji mengi si presha! Alipaswa kumwelewa muuguzi kuliko hata daktari. Lakini hakuja kuelewa, alikuja kugomba. Mkewe, aliyekesha kando ya kitanda, alimvuta shati.

“Anapumua vizuri. Mwache.”

“Nyamaza wewe! Hujui hata haki zako.”

Akamfuata daktari ofisini, akagonga meza, akatishia kuita waandishi wa habari. Daktari, macho mekundu kwa kukosa usingizi, hakutaka mabishano. Mashine ya pili ilikuwepo, na ni kweli watoto wengi huwekwa kwenye mashine hiyo wakapona. “Haya, tujaribu,” alisema, na hapo naye hakwepi lawama. Muuguzi alibadilisha vimpira akiwa amebana midomo. Punde akaletwa mtoto mwingine, midomo imegeuka rangi ya buluu, chupa ikaenda kwake.

Saa moja haikuisha. Mbavu za binti zikaanza kubonyea kila alipovuta pumzi, pua zikamtanuka, kichwa kikawa kinanesa. Tarakimu za kijani zikashuka, mashine ikalia.

“Mrudishieni chupa!” fundi alipiga kelele.

“Chupa ipi?” Muuguzi sasa naye hasira zilikuwa zimempanda, na hakuona sababu ya kuzificha. “Uliyoikataa? Ina mwenyewe.”

Mikono yake, hata hivyo, ilikuwa imeshaanza kazi. Alitwaa chupa tupu, akaijaza maji, akapima, akachora alama kwenye mpira kwa kalamu, akaunganisha oksijeni na vimpira vya mtoto.

“Cha kuufungia mpira sina. Shika wewe hapa, alama iwe sawa na uso wa maji. Ukiupandisha, presha inashuka. Ukiuzamisha zaidi, unamuumiza. Na ufunge mdomo, maana ukifoka mkono utatikisika.”

Fundi alipiga magoti sakafuni, akashika. Viputo vikaanza. Mkono uliozoea spana aliushikilia kwa ule mwingine ili usicheze. Hasira zilikuwa bado zimemjaa, akatafuta wa kumfokea: daktari, muuguzi, yule mzee wa tai, ambaye mtoto wake, tuseme ukweli, alikuwa akiendelea vizuri tu na mashine yake. Hakumpata.

Muda ukapita, magoti yakafa ganzi. Mbavu za mtoto zikaanza kutulia. Muuguzi akahesabu pumzi, akahesabu tena, akaandika, akaenda kumtazama yule mtoto mwingine. Hapo mkewe, yule aliyeambiwa anyamaze, akamwinamia.

“Sasa anapumua,” alisema polepole, “na wewe huna pa kwenda, kwa hiyo nisikilize. Asubuhi hukumpigania mwanangu. Ulijipigania mwenyewe.”

Fundi alifungua mdomo. Viputo vikayumba. Akaufunga.