Mchanga Hupanda Kwanza

Kwa miaka kumi na minne, Kisilu alianza kila siku kwa kuupandisha mchanga kwenye bembea. Bustani yake ya burudani pale Nunguni ilikuwa na bembea ya kuzunguka yenye viti kumi na viwili, na kila kiti kilipakiwa gunia la uzito wa mtu mzima. Aliizungusha mara thelathini, akakagua minyororo, ndipo akafungua lango. Watu walimcheka, eti mchanga wa Kisilu unakula raha kuliko watoto wao.

Wacheke tu. Kilichomuuma ni Kinuthia, aliyefungua bustani yake ng'ambo ya barabara mwaka huo wa 1987, na spika kubwa, rangi za kumeremeta na bembea zilizoungwaungwa harakaharaka. Umati wote ulihamia huko. Kisilu aliapa kwamba Krismasi hiyo isipomletea watu atafunga, na bembea iwe kuni.

Krismasi ilipofika, mgongo ulimkatalia. Alikuwa amechoka, tena si uchovu wa kulala ukaisha.

"Baba Mbinya, achana na hayo magunia leo," mkewe Syokau alimwambia. "Watu wanatoka kanisani saa hii. Wakipata gate imefungwa, wataenda kwa Kinuthia direct."

Akaachana nayo, akafungua. Watu wakapita na nguo zao mpya, wala salamu hawakutoa, wakaufuata muziki. Kisilu aliketi juu ya gunia akiwaza shoka liko wapi.

Saa saba hivi, Kinuthia mwenyewe aliingia kupitia ua wa nyuma, amemshika mkono bintiye mdogo, Wangui.

"Mzee, nipandishie huyu," alisema kwa sauti ya chini. "Kwangu nimemwambia viti vimejaa."

"Kwani havijajaa?"

"Wewe unapandisha mchanga kwanza. Mimi sijawahi."

Wangui alikuwa ameshakalia kiti. Aibu ilimpanda Kisilu hadi masikioni. Siku moja tu katika miaka kumi na minne, na ikawa hii.

"Shuka, mama, ungoje kidogo. Leo sijapandisha." Kisha akamgeukia baba mtu. "Na hao watoto wa watu huko kwako?"

Kinuthia alimshusha Wangui kwenye kiti.

"Enda uzime hiyo muziki, uwashushe wote. Halafu urudi unisaidie. Tukimaliza hapa, haya magunia tunayavusha barabara."

Muziki ulipokatika ng'ambo, Kisilu alikuwa amefika gunia la tatu, peke yake, akihema.