Kopo la Nne

Swaumu alipotoka eda, safari yake ya kwanza haikuwa ya sokoni wala ya kwa ndugu. Alitoka Utemini kwa miguu mpaka Mandewa, kwenye mashine ya kukamua alizeti, kwa kuwa alisikia kwamba siku hiyo kabati la umeme lililomuua mumewe litafunguliwa na kupimwa.

Miezi minne na siku kumi alikuwa amekaa ndani na swali moja. Abdillahi, fundi umeme wa mashine ile, alikuwa na desturi yake. Ndani ya kabati mlikuwa na makopo sita ya umeme, na kopo hata likizimwa hubaki na umeme tumboni kwa dakika kama tano. Ukiligusa mapema linakupiga. Abdillahi hakuwa mtu wa saa. Akishazima, hutoa tasbihi, akasema Subhanallah polepole, punje kwa punje, mpaka tisini na tisa zitimie. Akipotea hesabu, huanza upya. Ndipo atie mkono.

Mchana wa siku aliyokufa, Swaumu alimpigia simu. Mlenda ulikuwa tayari, ugali unapoa. Abdillahi alipokea lakini hakumjibu; alikuwa akinong'ona tu.

"We baba Johari, unanisikia au hunisikii?"

Kunong'ona kukaendelea. Swaumu akakata simu kwa hasira. Ugali haukuwahi kupoa, watu wa mashine wakaja kumwita.

Mjini walisema marehemu alikuwa na haraka. Swaumu peke yake ndiye aliyejua haraka hiyo huenda ilitoka wapi. Alimvuruga hesabu? Kila alfajiri aliomba msamaha kwa ajili ya simu ile, akasoma Yasini kwa mwanga wa taa ya sola ambayo Abdillahi aliitengeneza jioni ya mwisho ya uhai wake. Pembeni ya taa vitu vyake vilikaa kama alivyoviacha: kofia, bisibisi, na kidude cha manjano chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Alivipangusa vumbi, akavirudisha palepale.

Mwenye mashine, Mzee Yeremia, aliyeinunua ushirika ulipouza mali zake, alimkuta amesimama getini.

"Mama Johari, pole. Lakini hapa leo utaumia bure."

"Nimeshaumia, Mzee. Niache nione."

Fundi aliyeletwa kutoka Dodoma alikuwa binti mwembamba, jina lake Cecilia. Yeremia alikuwa bado anachungulia ndani ya gari.

"Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye huyu unayemuuliza, Mzee. Nishikie ngazi."

Kisha akamgeukia Swaumu. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kabati hili kazi yake nini hasa? Yeye alinieleza, nikawa nasikiliza nusu."

Cecilia alieleza bila haraka. Mota za kukamua huvuta umeme mwingine usiosukuma kitu chochote, na makopo huutoa humu humu ili usivutwe kutoka kwenye nguzo. Kabati hupima lenyewe, likaingiza kopo au kulitoa, bila mkono wa mtu. Lilikuwa linafanya vizuri mpaka zile sola zilipowekwa juu ya bati.

"Jua likiwaka, umeme wa kazi unatoka juu, wa nguzo unapungua. Kabati linaona wa nguzo tu, linachanganyikiwa. Subiri usikie."

Likaondolewa kufuli lililotiwa tangu siku ya msiba. Mota zikawashwa. Cecilia akawa anazima sola na kuziwasha, kama wingu linalopita. Ta! Ta-ta! Makopo yakaingia, yakatoka, yakaingia tena. Alisogea karibu, akasikiliza.

"La nne ndilo linalosumbuliwa kuliko yote. Zima kila kitu, Mzee. Sasa tunangoja dakika tano."

Mashine ikanyamaza. Cecilia akatazama saa. Swaumu akatoa tasbihi ya Abdillahi chini ya ushungi, akahesabu kama yeye. Punje ya mwisho ilipofika kidoleni, Cecilia naye alikuwa anainua kichwa.

Akatoa kwenye vifaa vyake kidude cha manjano chenye nyaya mbili, akagusisha kopo la kwanza. Salama. La pili, la tatu, salama. La nne, akakaza macho.

"Volti mia tatu na kumi," alisema taratibu. "Kuna kitu kidogo cha kumwaga umeme, kimeungua kwa kuingizwa na kutolewa huko. Mama, hata angengoja nusu saa, kopo hili lingempiga."

"Kwa hiyo hata angemaliza hesabu yake?"

"Hata angeirudia mara mbili. Hakuwa na haraka."

Yeremia akavua kofia. Swaumu akashika ukuta. Alhamdulillahi ilimfika mdomoni, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkono wa Cecilia.

"Hicho ulichoshika ni nini, mwanangu?"

"Mita, mama. Hii ndiyo inayokuambia ndani kuna umeme au hakuna. Huwezi kugusa bila..."

"Malizia."

"Bila kupima kwanza."

"Ya hapa ilipotea," Yeremia akadakia. "Nimemuuliza kila mtu."

"Haikupotea," Swaumu alisema. "Taa yangu ilikuwa haiwaki. Nikamwambia leo usirudi bila kitu cha kuipimia; akaja nayo, ikabaki nyumbani."

Cecilia akaanza, "Mama, wewe ungejuaje..."

"Nisubirini, nawaletea."

"Nitamtuma mtu, Mama Johari," alisema Yeremia.

"Nitaileta mwenyewe."

Alirudi Utemini kwenye jua kali. Aliichukua mita pembeni ya taa, akaifunga kwenye kanga, akashika tena njia ya Mandewa. Mkono mmoja ulibeba kifurushi, wa pili tasbihi. Alihesabu polepole kama alivyohesabu Abdillahi. Kila alipopotea, alianza upya. Mpaka anafika getini hakuwa amevuka thelathini na tatu.