Mchanga wa Bi Kazija

Jumatatu, saa mbili za asubuhi, Bi Kazija alitandika mkeka wake kwenye ukumbi wa kiwanda cha Bububu, akakaa, akanyoosha miguu, akapakata ungo na kuanza kuchagua mchanga. Punje nyeupe zilibaki kwenye ungo. Nyeusi, nyekundu na vipande vya kombe vilikwenda kwenye kopo tupu la maziwa. Wanawake wengine tisa walikuwa wakifanya vivyo hivyo, na aliyekaa karibu naye zaidi alikuwa jirani yake, Shemsa, ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko vidole.

Kiwanda kilikuwa cha Serikali. Mwaka 1993 iliamuliwa kuwa Unguja itatengeneza yenyewe vile vipande vidogo vinavyoiwezesha kompyuta kukumbuka mambo, na kwamba kila kitu kitatoka hapa hapa, kuanzia mchanga. Mtaalamu kutoka nje aliandika kuwa mchanga lazima uwe safi kwa asilimia tisini na tisa, nukta, kisha tisa nyingine saba. Mashine ya kuusafisha ilikuwa haijaagizwa, kwa kuwa kamati ya kuiagiza ilikuwa haijakaa. Mkurugenzi, Bwana Mundhir, aliyekuwa ametoka kwenye semina ya wiki mbili ng'ambo, aliziangalia zile tisa kwa muda mrefu, akakumbuka mchele wa harusi yake. Watu mia nne walikula biriani siku ile na hakuna hata mmoja aliyeuma jiwe. Akauliza nani aliuchagua mchele ule. Akaambiwa ni Bi Kazija na wenzake wa Bububu, akawaajiri wote.

Mchanga uliochaguliwa ulitiwa magunia, ukapakiwa lori hadi ghala la Mtoni, ukapigwa muhuri, ukarudishwa Bububu. Kwa njia hiyo ripoti iliweza kusema kwamba malighafi husafirishwa ndani ya nchi kutoka hatua moja hadi nyingine. Uko wapi uongo hapo?

Bi Kazija hakuwa na neno na lori. Neno lake lilikuwa kisima. Kisima kile alikichimba marehemu mumewe, Silima, kwa mikono yake mwenyewe, na mtaa mzima ulikuwa ukiteka maji pale. Ukuta wa kiwanda ulipojengwa ulikizunguka, kikabaki ndani. Siku ya kuweka jiwe la msingi, mgeni rasmi alisema mbele ya watu wote kwamba mlango utatobolewa ukutani kabla ya Ramadhani. Ramadhani tatu zikapita. Wachaguaji walikiona kisima dirishani kutwa, lakini jioni walipekuliwa getini, maana mali ya kiwanda haitoki nje, na maji nayo yalikuwa mali ya kiwanda. Kwa hiyo Bi Kazija, na magoti yake yale, alikwenda kuteka maji kwenye bomba la barabarani, mwendo wa nusu saa.

Mwaka 1996 mchanga ukaanza kukumbuka.

Gunia la kwanza kusema lilikuwa la Shemsa. Lilirudia, neno kwa neno, habari aliyokuwa akiwapa wenzake wiki iliyopita, kwamba Bwana Mundhir ameoa mke wa pili Kizimkazi na yule wa kwanza hana habari.

"Hebu punguza sauti," Shemsa aliliambia gunia.

Jecha, mtunza ghala, aliandika kwenye daftari lake kuwa gunia namba saba linasema, akaomba kamba nene za kufungia. Baada ya siku chache ikajulikana kwamba mchanga ukichaguliwa vizuri hukumbuka yote uliyowahi kuyasikia, hata yale ya wakati ulipokuwa bado ardhini. Bwana Mundhir alifurahi, ukiacha lile la Kizimkazi. Kilichotakiwa kilikuwa kumbukumbu, na kumbukumbu imepatikana bila ya mashine hata moja. Aliandika hivyo kwenye ripoti, akapandishwa cheo.

Bi Kazija alifurahi kuliko yeye. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na lundo la mchanga lililokaa pale tangu siku ya jiwe la msingi, hatua chache kutoka palipowekwa jukwaa. Akajaza ungo, akauchagua kwa siku tisa bila ya kusema na mtu, hata Shemsa akadhani wamegombana.

Mwezi wa Disemba mgeni rasmi alikuja tena, kutazama mafanikio. Bi Kazija akainuka na ungo wake, akamwendea.

"Shikamoo, bibi," alisema mgeni rasmi.

"Marahaba, mwanangu. Mie sina maneno mengi. Msikilize huyu."

Akautikisa ungo kidogo. Mchanga ukakohoa, kisha ukasema kwa sauti ya mgeni rasmi: "Kina mama, mimi si mtu wa porojo. Mlango utatobolewa kabla ya Ramadhani. Msipouona, njooni mnishike shati." Yakafuata makofi na vigelegele, na sauti ya Shemsa ikiuliza soda zinagaiwa wapi.

Mgeni rasmi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Ni mimi huyo," alisema. "Hata kikohozi ni changu."

"Basi huo mlango?"

"Bibi, wewe ulikuwa unaogopa nini? Ulikuwa unaogopa tutasahau. Sasa hatuwezi tena kusahau, na kwa mchanga wetu wenyewe. Haya ndiyo maendeleo tuliyokuwa tukiyasema."

Makofi yakapigwa. Bi Kazija alilitazama shati la mgeni rasmi. Lilikuwa karibu, mkono ungefika. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika ungo, na akiuachia mchanga utamwagika.

Ungo ulichukuliwa, kwa kuwa ulikuwa na mali ya kiwanda. Ukuta ukaongezwa matofali manne kwenda juu, kwa usalama wa mchanga. Tangu hapo mgeni rasmi hakuwa na haja ya kuja. Kila mwaka gunia la mchanga ule liliwekwa jukwaani, likawekewa chupa ya maji, likahutubia. Watu walisema linahutubia vizuri kuliko mwenyewe, tena halichelewi.

Mwaka uliofuata lori, ambalo ndilo pia lililoleta mchanga kiwandani, liliharibika, na Jecha akawa anachimba mchanga kando ya kisima. Jioni moja Bi Kazija alirudi nyumbani, akakung'uta kanga yake, na punje chache ambazo wapekuzi hawakuziona kwenye pindo zikaanguka sakafuni. Zilikuwa nyeupe, zimeshachaguliwa. Akaziokota, akazitia kwenye kikombe cha kahawa.

Ndani yake likasikika jembe likichimba, na mtu akihema, na jembe tena. Halafu sauti ya Silima ikatoka chini sana.

"Kazija! Lete ndoo. Maji nshayaona."

Ndoo ikashuka, ikapiga maji.

Bi Kazija alilia, kwa sababu alimpenda mumewe na kwa sababu alikuwa na hasira, na hakujua lipi lilitangulia. Akaitikia, "Naam," kama alivyoitikia siku ile. Akasikiliza tena, mpaka ndoo ilipopiga maji mara ya pili. Kisha akakifunika kikombe kwa kisahani, akachukua ndoo yake tupu, akaenda barabarani kupanga foleni.