Hapana Tatu za Reuben Haslam

Mguu wa kulia mbele kidogo, mkono wa kushoto umeshika ukosi wa koti, kidevu juu kama mtu anayekagua dari linalovuja. Hivyo ndivyo alivyosimama Reuben Haslam asubuhi ile katikati ya masanduku ya chai, ndani ya ghala lake mwenyewe, akichongwa sanamu. Alikuwa mfanyabiashara wa chai, mbunge wa mji wa Harrowgill, na mfadhili wa karibu kila kitu chenye paa mjini humo: shule, hospitali, jiko la supu la mwaka ule viwanda vya pamba vilipofungwa. Goti lilikuwa linamuuma. Goti la mtu aliyepita miaka sitini halijui uheshimiwa.

"Kofia, Mheshimiwa," alisema mchongaji, Bwana Orme, mikono imejaa udongo. "Tuiache au tuivue?"

Swali lilikuwa zito kuliko alivyodhani Bwana Orme. Reuben alikuwa mtu wa Marafiki, wale watu wa nguo za kijivu ambao hawamwiti mtu Bwana wala Mheshimiwa, na hawamvulii kofia hata malkia. Babu yake alilala jela kwa kukataa kumvulia hakimu kofia. Kofia huvuliwa kwa Mungu tu, wakati wa sala.

"Iache," alisema. "Ni imani yetu."

"Sawa. Njiwa watakaa juu ya kofia."

"Na tukiivua?"

"Watakaa juu ya upara."

"Imani kwanza," alisema Reuben haraka, na kwa muda wa kupiga chafya akajiona shujaa wa dini.

Kusema kweli, imani ilikuwa imeshatoka mlangoni zamani na kumwacha na kofia yake. Marafiki hawana sanamu. Hawana picha, hawana madirisha ya rangi, na makaburi yao yaliyo uani kwa nyumba ya mkutano ni nyasi tupu: hakuna jiwe, hakuna jina, tajiri na fukara wote wanarutubisha majani yale yale. Rafiki mwenye sanamu sokoni ni kichekesho, na Reuben alilijua hilo. Alikuwa na kipaji cha kujicheka. Tatizo ni kwamba kicheko chake kilizoea kufika baada ya wageni kuondoka.

Asije mtu akasema hakukataa. Alikataa mara tatu. Meya Standish, mtu mnene mwenye moyo mweupe, alipomletea habari mara ya kwanza, Reuben alisema, "Hapana. Kamwe." Mara ya pili alisema, "Hapana, jamani, mnanitia aibu." Mara ya tatu alisema, "Hapana, ila kama wananchi wenyewe wameshaamua, mimi ni nani?" Hapana ya tatu ilikuwa na mlango, mlango ulikuwa wazi, na ndani meza ilikuwa imeshaandaliwa. Meya aliingia akaketi. Kila alipokataliwa alizidi kumsifu mwenzake kwa unyenyekevu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Wiki hiyo hiyo wazee wawili wa mkutano walimjia nyumbani. Marafiki hawamsemi mtu pembeni. Humjia wawili wawili, wakaketi, wakanyamaza kwanza. Alikuja Hulda Pym, mjane mwembamba mwenye macho ya kuhesabu mbegu ndani ya chungwa bila kulimenya, na Enoch Marsden, ambaye kazi yake katika ziara kama hizi ilikuwa kuitikia kwa kichwa. Dorkas, mke wa Reuben, alimimina chai. Walinyamaza mpaka ikapoa.

"Reuben Haslam," alisema Hulda, kwa maana Marafiki huitana majina matupu, "tumesikia unachongwa."

"Sikuomba mimi, Hulda."

"Hatukuuliza kama umeomba. Umesimama kuchongwa, hukusimama?"

"Nimesimama... kidogo."

"Kidogo!" alisema Dorkas bila kuinua macho kwenye birika. "Kumbe ndilo goti hilo! Mimi nalikanda kila jioni kwa mafuta, naambiwa ni baridi ya London."

Enoch aliitikia kwa kichwa. Reuben alitamani ardhi ipasuke, kisha akakumbuka kwamba hata zulia lile alilinunua yeye.

"Yule mchongaji ana watoto," alijaribu. "Nimemtazama kama kazi ya hisani."

"Mpe hisani avae viatu, usimpe uso wako," alisema Hulda. "Sikiliza, ndugu yetu. Siku ya kwanza ijayo, baada ya ibada, kuna kikao cha mwezi. Sanamu ikisimama, jina lako linatoka kwenye daftari la mkutano. Na jina likitoka, unajua utazikwa wapi."

"Makaburi ya mji."

"Kwa bendi na hotuba ya meya. Si pale uani kwetu."

Hakuna aliyelitaja jina la Ruth. Dorkas aliweka birika chini, akatoka chumbani, na hakurudi mpaka wageni walipoondoka.

Ruth alikuwa binti yao, wa pekee. Homa ilimchukua akiwa na miaka sita, na sasa alikuwa amelala chini ya nyasi zile miaka zaidi ya ishirini. Na hapa ndipo palipokuwa na jambo ambalo Reuben hakuwahi kulisema kwa mtu. Siku ya mazishi machozi yalimziba macho. Siku ya pili yake alipanda gari moshi kwenda London kwenye mnada wa chai, kwa sababu hakujua huzuni huwekwa wapi ila kazini. Aliporudi, majira yalikuwa yamebadilika na nyasi zimeota, na uwanja wote ulikuwa kijani kimoja. Aliona haya kumwuliza mkewe. Mwaka uliofuata haya ikawa kubwa zaidi, na mwaka baada ya huo ikawa mlima. Mtu aliyeweza kunusa chai na kukutajia kilima ilikochumwa, hakujua mwanawe amelazwa wapi.

Ndiyo maana alilitaka jiwe. Mtu mwenye jiwe hapotei.

Basi aliamua kujitetea mbele ya mkutano, na akaandaa hotuba. Hilo nalo lilikuwa kosa, tena kosa la mbunge. Marafiki hawana mchungaji wala mahubiri. Hukaa kimya, na anayesukumwa na Roho, mwanamume kwa mwanamke, husimama akasema machache akaketi. Roho haji na hotuba iliyofanyiwa mazoezi. Reuben alifanya mazoezi siku nne mbele ya kioo cha kunyolea, kioo pekee nyumbani, kidogo mno hata uso hauenei. Hotuba ilihusu unyenyekevu, naye aliutazama ukipita shavu moja baada ya lingine, akaridhika na yote mawili.

Siku ya kwanza ikafika, ile ambayo wengine huiita Jumapili. Wanaume waliketi upande huu, wanawake upande ule, kuta nyeupe, kimya. Reuben alisubiri kwa muda aliouona unatosha kwa mtu anayesukumwa na Roho. Kisha akasimama, akaushika ukosi wa koti, akatanguliza mguu wa kulia, na kwa sauti iliyozoea kujaza ukumbi wa Bunge akasema:

"Mheshimiwa Spika."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Bungeni wangepiga kelele, angeinama kidogo, mambo yangekwisha. Lakini Marafiki huyaacha maneno ya mtu yakae ili yapimwe, nayo yakakaa. Mheshimiwa Spika akaketi benchi la mbele, akavua viatu, akajinyoosha. Upande wa wanawake boneti moja ya kijivu, kofia ya kike ya kufungwa kidevuni, ilikuwa inatikisika, na Reuben aliijua boneti ile kwa sababu aliiona kila siku mezani. Hakuweza kujua kama Dorkas analia au anacheka.

Aliitafuta hotuba, akakuta imekimbia. Alitazama chini akauona mguu wake wa kulia umejiweka mbele wenyewe, bila mchongaji wala udongo, mbele ya Mungu. Ndipo kicheko kilipomjia, na safari hii kilifika wageni wangali wamo. Alicheka peke yake, kicheko kifupi kikavu, akaachia ukosi.

"Naitaka," alisema. "Marafiki, ile sanamu naitaka sana. Nimesema hapana mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa naogopa wasije wakanisikia. Nilikuja kuwahubiria unyenyekevu; niliufanyia mazoezi kwenye kioo." Akageukia dirisha la uani. "Naogopa hizo nyasi. Ruth wangu yumo humo, na mimi baba yake sijui ni wapi. Sijui hata ni upande gani. Sikuuliza wakati wa kuuliza, na nikamwacha mama yake ajue peke yake."

Akaketi. Hakuna mwingine aliyesimama kusema katika ibada ile. Baadaye sana Enoch alimpa Hulda mkono, na kwa mkono ule ibada ikaisha.

Kabla ya kikao watu walitoka uani kupata hewa. Reuben alikwenda, kwa mazoea tu, mahali pake pa siku zote: karibu na ukuta wa mashariki, penye jua, mkabala na lango. Alipachagua miaka mingi iliyopita kwa sababu mtu akisimama pale huonekana na kila apitaye njiani. Siku zote za kwanza, alipokuwa mjini, watu waliingia langoni wakamkuta hapo: huyu anaomba kazi, yule anashukuru kwa hospitali, wengine wanataka tu wamshike mkono mbunge. Leo Marafiki walimwacha peke yake. Aliyeingia ni Meya Standish, anatoka kanisani kwake, tumbo mbele na kitabu cha sala kwapani.

"Mheshimiwa! Jiwe la msingi wa sanamu limefika. Zuri ajabu!"

"Cuthbert Standish, hapana."

"Hapana ya nne!" Meya alimgeukia mkewe aliyebaki langoni. "Umemsikia? Mtu gani huyu! Tutaongeza urefu wa msingi."

"Sikiliza, Cuthbert. Naitaka hiyo sanamu kuliko unavyotaka chakula chako cha mchana. Nimeshachagua itazame wapi: duka la Pargeter, mshindani wangu, anione kila akifungua dirisha. Nilikuwa nakataa ili mnibembeleze."

Meya alikishusha kitabu cha sala kutoka kwapani.

"Kumbe!" alisema.

"Kumbe."

"Na mji mzima unakuita mnyenyekevu!"

"Mji mzima umepunjwa. Hilo jiwe lichongeni hori, farasi wanywe maji. Bwana Orme nitamlipa mimi. Na jina langu msiandike, hata kwa herufi ndogo. Nitakuja kuangalia."

Meya aliondoka bila kuaga, shingo nyekundu, kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia akakuta paka. Kufikia jioni mji mzima ungelijua jambo hilo. Reuben alipiga hesabu ya kura zake, akaziona zikitoka langoni nyuma ya meya, moja moja. Ilimuuma, na akajicheka kwamba inamuuma.

Hulda alipita akielekea mlangoni. "Jina lako bado limo, Reuben Haslam," alisema. "Ingia ukae nalo. Na siku nyingine, huku kwetu Spika hayupo."

Enoch aliitikia kwa kichwa.

Kisha akaja Dorkas. Boneti alikuwa ameifunga vizuri, na macho yake yalikuwa mekundu, kwa hiyo Reuben alijua sasa kwamba hakuwa akicheka. Au pengine alianza kwa kucheka.

"Ni kweli hujui alipo?" aliuliza.

"Ni kweli."

"Miaka yote hii?"

"Nisamehe, Dorkas. Niliona haya."

Alimtazama kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta vyombo vimehamishwa.

"Mimi nilidhani unajua," alisema. "Nilikuwa nakutazama kwenye dirisha lile. Kila siku ya kwanza, ibada ikiisha, huyo, moja kwa moja mpaka hapo ukutani. Mvua, theluji, uko hapo hapo. Watu wanakuja wanakuzunguka, wewe huondoki. Nikasema moyoni, mume wangu hajui kusema, lakini hamwachi mwanawe. Safari zako zile zote, London zako, makofi yako. Nilikusamehe mengi, Reuben, kwa sababu ya hapo unaposimama."

Reuben alitazama chini. Nyasi zilikuwa fupi na zimelala, zimekanyagwa miaka na miaka na viatu vya mtu mmoja aliyependa kuonekana kutoka njiani, na mguu wake wa kulia ulikuwa mbele kidogo.

Aliurudisha nyuma polepole, kama mtu anayetoka katika chumba alicholala mtoto, kisha akavua kofia.