Ugomvi Mmoja Uliobaki

Karatu nzima ilijua kilichotokea kwenye walima wa mwisho pale mtaani: wanawake wawili wasiosalimiana walikalishwa ubavu kwa ubavu, sufuria la pilau likaishia chini. Kwa hiyo Mwanamisi alipotangaza walima wa binti yake Nafisa, watu waliitikia mwaliko huku wakicheka pembeni, "Haya, tutaona!" Hiyo "tutaona" ilimkosesha usingizi. Yeye alipenda nyumba ijae mpaka mlangoni, lakini aibu, hapana.

Turubai zingekuwa mbili, moja uani kwake na nyingine uani kwa jirani. Nani akae wapi? Hanifa, binti wa kaka yake, aliyekuwa akisomea kompyuta chuoni Arusha, akafungua kompyuta yake mezani.

"Shangazi, wewe nipe magomvi tu. Nina programu ya bure, watu wameiandika wakaiachia dunia nzima. Kila mgeni namwandikia sifuri au moja: sifuri kwetu, moja kwa jirani, nusu kwa nusu. Inaanza na mipango mingi ya ovyo. Ile yenye magomvi machache inaizalisha: kipande cha huu na kipande cha ule, hapa na pale inamhamisha mtu, kizazi baada ya kizazi."

"Kama Wamasai wanavyochagua dume la mbegu!"

"Hapo hapo."

Magomvi? Nani wa kumshinda Mwanamisi! Alimwaga ya mtaa mzima, ya wazi na ya chini ya kanga, mpaka vidole vya Hanifa vikachoka. Jibu lilipotoka, Mwanamisi aliruka kitini.

"We mtoto! Maadui wote umenikusanyia turubai moja? Hii walima au ndondi?"

Hanifa alicheka mpaka machozi. Programu ile hutafuta alama kubwa. Yeye aliihesabia magomvi kuwa ndiyo alama, nayo ikayatafuta kwa bidii zote. Akaweka alama ya kutoa mbele ya hesabu, akarudia.

Sasa ukabaki ugomvi mmoja. Akarudia tena, ukabaki mwingine, lakini mmoja vilevile, na kila mara kati ya watu walewale watatu. Evarista, fundi cherehani, aliharibu gauni la Penina. Penina, muoka keki, alitangaza kwamba maziwa ya Nailantei yana maji. Na mbuzi wa Nailantei, yule mama wa kijiji cha Kakesio aliyehamia mjini, walikula mbaazi za Evarista.

"Watu watatu, turubai mbili," Hanifa alisema kwa unyonge. "Lazima wawili wakutane, hata tukizalisha mpaka Idi. Imeshindwa, Shangazi."

"Imeshindwa nini? Mtaa wenye magomvi yote haya, inaniambia nipatanishe mmoja tu! Niitie bodaboda."

Evarista alimpokea akiwa amenuna. "Kama ni habari za mbuzi, Mama Nafisa, chai utainywa peke yako."

"Mbuzi gani? Nimekuja na umbea." Mwanamisi akavuta kigoda. "Nimemsikia Nailantei sokoni kwa masikio yangu: fundi wa kushona hapa Karatu ni Evarista, wengine wanababaisha. Anataka gauni la walima, ila anaona haya kuingia kwako."

Evarista akazungusha gurudumu la cherehani bila uzi. "Amesema hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya wauza vitunguu wote."

"Basi aje nimpime. Lakini mbuzi awaache kwao."

Mwanamisi alipiga simu palepale. "Hanifa, futa huo wa mbaazi! Zalisha!" Alisubiri, sikio limegandana na simu, mpaka aliposikia, "Sifuri, Shangazi! Hakuna ugomvi hata mmoja!" Kigelegele alichopiga kiliwatoa mafundi gereji ya jirani.

Siku ya walima uani hapakuwa na pa kukanyaga. Evarista na Nailantei walikula sinia moja, Evarista akiwaonyesha wenzake mshono wa bega la gauni la Nailantei. Kwa jirani, Penina alikuwa akikata keki huku watu wakimgombea. Wale wa "tutaona" walikaa hadi jioni wakinyoosha shingo, kisha wakaomba wafungiwe pilau ya kwenda nayo nyumbani.

"Wafungieni nyingi," Mwanamisi aliagiza kwa sauti ya kusikika turubai zote mbili, "maana walichokifuata hakipo!"