Nani Kamgusa Dereva Wangu

Jumatatu asubuhi Kiwiko alijitupa kwenye kiti chake, magoti yakamfika kifuani. Kiti kilikuwa kimeshushwa. Yeye ni mtu wa kugonga kichwa kila kizingiti, kwa hiyo aliyekishusha hakuwa jini. Alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka zake.

Jina la Kiwiko alipewa na wenzake kwa sababu ukiongea naye hakutazami usoni, anatazama viwiko vyako vinavyokunjika. Ofisi yao, vyumba viwili juu ya duka la vioo, ilikuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta wa mbio za pikipiki za porini. Pikipiki na udongo vilichorwa na Mama Tope, mwanamke mfupi wa sauti ya chini, anayeweza kumaliza siku nzima akitafuta rangi ya tope lililokauka nusu. Dereva aliyekaa juu ya pikipiki, na kila alivyojongea, alikuwa mali ya Kiwiko kuanzia kofia hadi vidole vya miguu.

Na dereva alikuwa ameguswa. Kiwiko alimchezesha polepole, picha moja moja, kwenye mteremko wa tatu. Ijumaa alimwacha akikanyaga breki kwa mguu wa kushoto. Sasa alikanyaga kwa wa kulia. Akamrudisha alivyokuwa. Jumanne kiti kimeshuka tena, mguu umehama tena, na mkono wa mafuta nao umehama. Akamrudisha. Jumatano vivyo hivyo.

Mkubwa wa ofisi alikuwa ameshatangaza kwamba Ijumaa watakuja wageni kuukagua mchezo, mmoja wao bingwa mstaafu wa mbio hizo. Wakiondoka wameridhika, kitengo cha mijongeo kitapata mkuu wake. Kiwiko alikuwa ameanza kujizoeza ukuu bafuni, mkewe akimsikia kupitia mlango.

Akaanza kukusanya ushahidi. Mama Tope alikuwa akifunika kazi yake kila Kiwiko alipopita. Alimsalimia kupita kiasi. Jumanne alimletea chai bila kuombwa, na Kiwiko akaiacha ipoe, akiitazama kama inayoweza kusema jambo. Alipomsimulia mkewe, mkewe akamuuliza kama yuko binadamu ambaye hajawahi kumshuku, maana hata siku ya harusi yao alimuuliza mama mkwe mbona anatabasamu.

Alhamisi alifika kabla ya mfagiaji. Akapanda ngazi viatu mkononi, akasukuma mlango. Mama Tope alikuwa kwenye kiti cha Kiwiko, pua karibu na skrini, akimvuta dereva mguu.

"Endelea tu, dada," Kiwiko alisema. "Jisikie uko kwako."

Mama Tope hakuruka. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akachukua ufagio pembeni, akamkabidhi aushike kwa mikono miwili kama usukani.

"Uko mteremkoni. Breki ya nyuma unaikanyaga kwa mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Umewahi kupanda pikipiki, kaka?"

Hajawahi, anaziogopa tangu utotoni. Alichofanya ni kumpiga video shemeji yake, fundi wa gereji, akirukaruka kwenye vilima vya udongo, kisha akamchora dereva kwa kufuata video hiyo. Sasa akampigia shemeji simu kumuuliza habari za breki. Shemeji alicheka mpaka akakohoa, akasema breki ya nyuma ni mguu wa kulia, wa kushoto ni wa gia, na hata ng'ombe wa jirani wanalijua hilo.

Hapo ndipo Kiwiko alipokumbuka. Siku ile ya video jua lilitokea upande usiolingana na jua la mchezo. Ili vivuli visigombane, aliigeuza video nzima kama mtu anayejitazama kwenye kioo, kulia kukawa kushoto. Miezi minne alimchora mtu ambaye, kwenye pikipiki ya kweli, angeishia mtaroni.

Lakini shaka haikumtoka. "Mbona hukuniambia? Ulitaka nini kwa mkubwa?"

"Mara ya mwisho nilikuambia kivuli kimeelea, ukaninunia wiki mbili. Nikaona nirekebishe kimya kimya. Nami kila alfajiri narekebisha, ukifika wewe unaharibu."

Kiwiko akataka kumgeuza dereva mzima kwa mkupuo mmoja. Mama Tope akamwambia akifanya hivyo, kwenye kona ya kulia dereva atalalia kushoto. Wakakaa bega kwa bega, picha moja moja, hadi saa nane mchana mkubwa alipoingia, akasimama nyuma yao, akasema dereva sasa ana uhai. Akauliza kazi ya nani.

Kiwiko alimtazama Mama Tope. Mama Tope alikuwa amerudi kwenye tope lake, uso mtupu, na uso ule ungeweza kumwachia ukuu wote bila neno.

"Yake," Kiwiko alisema, na neno lilimkwaruza likitoka. "Mimi nilimkanyagisha breki kwa mguu wa gia, nikampeleka mtaroni miezi minne."

Mkubwa akamwambia Mama Tope ajiandae, kesho ndiye atakayezungumza na wageni.

Ijumaa, Mama Tope alipokuwa akieleza, Kiwiko hakutazama skrini. Alikaa nyuma akipeleleza miguu ya bingwa mstaafu chini ya meza. Dereva alipofika mteremko wa tatu, kiatu cha kulia cha yule mzee kikakandamiza sakafu.